Chakula Kisichoharibika

Januari 1499 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi zikiwa na mabaharia waliokuwa nusu hai. Safari ya kwenda India, miezi michache kabla, ilikuwa nyepesi: rubani waliyempata Malindi hiyohiyo aliwavusha hadi Calicut kwa siku 23, kusi ikiwasukuma. Kurudi walikaidi majira. Waliondoka pwani ya India mapema Oktoba, upepo wa kaskazi haujaanza kuvuma, na bahari waliyoivuka kwa wiki tatu ikawala karibu miezi mitatu. Fizi zilivimba hadi zikafunika meno, miguu ikajaa, na watu 30 wakatupwa baharini. Walipoiona Malindi, nahodha alituma watu nchi kavu wakatafute machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiyalilia. Waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote, hivyo moja, São Rafael, ikachomwa moto kwenye miamba ya pwani ya Tanga.

Ugonjwa huo ni kiseyeye, na chanzo chake ni mwili kukosa vitamini C. Chakula kikuu cha mabaharia wa Ulaya wa enzi hizo kilikuwa biskuti: unga wa ngano, maji na chumvi kidogo, vikikandwa, vikiokwa, kisha vikikaushwa hadi kusibaki unyevu wa maana. Ilikuwa ngumu kama kigae. Mabaharia waliigonga mezani ili wadudu watoke, au waliilowesha kwenye mchuzi na pombe. Hakuna aliyeipenda, lakini ilikuwa na sifa moja iliyozidi utamu wote: iliweza kukaa mwaka mzima ndani ya pipa na bado ikaliwa.

Sifa hiyo ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kilichomo ndani ya pakiti ya biskuti hadi leo. Kinachoozesha chakula kwanza ni maji. Ukiyaondoa, ukungu na bakteria hawana pa kuishi. Lakini chakula kilichokaushwa hukusanya nguvu nyingi mahali padogo. Mkate mweupe wa kawaida, ambao zaidi ya theluthi yake ni maji, una kalori kama 260 kwa kila gramu 100. Biskuti tamu ya dukani, ambayo maji yake ni asilimia chache tu, ina kalori kati ya 450 na 500 kwa uzito uleule. Mtu hahisi tofauti hiyo mkononi, wala tumboni haihisi upesi.

Jeshi la majini la Uingereza lilikata hesabu yake mapema. Katika mkataba wa chakula uliowekwa mwaka 1677 chini ya Samuel Pepys, katibu wa jeshi hilo, kila baharia alistahili ratili moja ya biskuti kwa siku, yaani karibu nusu kilo, pamoja na galoni ya bia. Kwa nguvu za mwili ilikuwa hesabu nzuri. Kwa afya ilikuwa na tundu, na tundu hilo liliua watu wengi kuliko mizinga. Mwaka 1747 daktari wa meli ya Salisbury, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye katika makundi ya wawili wawili, kila kundi likapewa dawa yake. Waliopewa machungwa na malimau walipona haraka kuliko wenzao. Hata hivyo serikali ilingoja hadi mwaka 1795 ndipo maji ya limau yakaingizwa kwenye posho ya mabaharia. Biskuti yenyewe haikuguswa.

Iliyoigeuza biskuti kutoka chakula cha shida kuwa kitafunwa cha chai ni biashara ya njiani. Mwaka 1822 Joseph Huntley, muumini wa dhehebu la Quaker, alifungua duka la mikate na biskuti katika mji wa Reading, kwenye barabara kuu ya kutoka London kwenda Bath. Magari ya farasi yalisimama hoteli iliyokuwa ng'ambo ya duka lake, na vijana wake wakawa wanakwenda kuwachuuzia abiria biskuti, kama wanavyofanya wauza karanga na maji kwenye vituo vya mabasi vya Chalinze. Abiria walizipenda, lakini zilivunjika na kulainika njiani. Dawa ikapatikana ndani ya familia: mtoto wa Huntley alikuwa fundi wa bati, naye akaanza kutengeneza makopo ya kuzihifadhia. Mwaka 1841 alijiunga George Palmer, aliyekuwa na akili ya mashine, na miaka mitano baadaye kiwanda kikubwa kikasimama kando ya barabara ya King's Road. Kufikia mwaka 1900 Huntley & Palmers ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 5,000 na ilihesabiwa kuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani katika kazi hiyo.

Kilichomo ndani kilibadilika pamoja na mashine. Biskuti ya baharini haikuwa na sukari wala mafuta. Biskuti ya Reading ilikuwa na vyote viwili. Sukari, iliyowahi kuwa anasa, ilizidi kushuka bei katika karne ya 19, na mwaka 1874 Uingereza ilifuta kabisa ushuru wake. Mwaka huohuo kampuni ya Peek Frean ya London ilitoa biskuti ya Marie, kwa heshima ya harusi ya binti wa mfalme wa Urusi na mtoto wa Malkia Victoria. Harusi imesahaulika. Biskuti bado imo kwenye kila duka la Mangi, nyembamba, ya mviringo, na watu wengi huihesabu kuwa nyepesi kwa sababu si tamu sana mdomoni. Wanaoichovya kwenye chai wangeshangaa kuambiwa kwamba gramu kwa gramu kalori zake hazipishani sana na za biskuti zenye krimu.

Kopo nalo lilisafiri. Uganda lilipata kazi ambayo Huntley hakuiota. Mchwa walikuwa wakitafuna vitabu vya wamisheni, na Biblia nzima ya Kiganda, iliyotolewa mwaka 1896 baada ya kazi ya George Pilkington na wenzake Waganda akiwemo Henry Wright Duta, ilichapwa kwa umbo fupi na nene ili iingie ndani ya kopo la biskuti. Wengine waliijua kama Biblia ya kopo la biskuti.

Kwa muda wote huo mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kilichomo. Alichoambiwa ni sifa. Marekani katika miaka ya 1830 mhubiri Sylvester Graham alikuwa akihubiri dhidi ya unga mweupe na tamaa za mwili kwa pumzi moja, na wafuasi wake wakaoka biskuti za unga usiokobolewa zilizobeba jina lake. Zinauzwa mpaka sasa, ila zina sukari ambayo mhubiri mwenyewe angeilaani. Mwaka 1892 kampuni ya McVitie's ilianza kuuza Digestive, kwa imani kwamba magadi yaliyomo yangesaidia chakula kusagika tumboni. Magadi mengi huvunjika ndani ya tanuri kabla hayajamfikia mlaji, lakini jina tayari lilikuwa limeshafanya kazi yake.

Jaribio la kweli zaidi lilifanyika kwenye barafu. Ernest Shackleton, akirudi kutoka safari yake ya kuelekea Ncha ya Kusini, tarehe 31 Januari 1909 alimlazimisha mwenzake Frank Wild kuchukua biskuti moja iliyokuwa fungu la asubuhi la Shackleton mwenyewe. Wild aliandika kwenye shajara kwamba hata maelfu ya pauni yasingeinunua biskuti ile. Miaka mitatu baadaye, kwenye safari ya ncha hiyohiyo, Robert Falcon Scott na wenzake, waliobeba biskuti za Huntley & Palmers zilizookwa kwa ajili yao, walikuwa wakila gramu zipatazo 450 za biskuti kwa siku kila mmoja, pamoja na nyama iliyokaushwa kwa mafuta, siagi, sukari, chai na kakao. Ni chakula kizito kwa mtu wa ofisini. Kwa mtu anayevuta kigari cha theluji kutwa nzima hakikutosha, na vitamini C hakikuwa nayo. Posho ya Pepys ilikuwa imevishwa nguo mpya tu.

Somo hilo lilikuja kufanyiwa kazi mbali na maduka. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani hugawa biskuti za nguvu kwenye vituo vya mpakani ambako wakimbizi hufika hawana sufuria wala kuni. Viwango vyake vinajulikana: kalori 450 kwa gramu 100, protini kati ya gramu 10 na 15, na vitamini na madini yaliyoongezwa kwa makusudi. Kwa kalori ni sawa tu na pakiti ya dukani. Tofauti iko kwenye vingine vyote, na hilo laonyesha kwamba umaskini wa biskuti ya kawaida haukuamriwa na tanuri. Uliamriwa na bei na ulimi wa mnunuzi.

Bara Hindi lilitoa jibu lake kwa bei hiyo. Kampuni ya Parle, iliyoanzishwa mwaka 1929 katika kitongoji cha Vile Parle mjini Mumbai, ilianza kuoka biskuti za glukosi mwaka 1939, wakati biskuti za Kiingereza zilikuwa za wenye uwezo. Parle-G ikaja kuwa miongoni mwa biskuti zinazouzwa kwa wingi kuliko zote duniani. Neno glukosi liliahidi nguvu, na nguvu ilikuwemo, ila ilitoka zaidi kwenye unga, sukari na mafuta kuliko kwenye glukosi yenyewe. Bei ya pakiti ndogo ilishikiliwa kwa miaka mingi, na gharama zilipopanda, pakiti ikawa inapungua uzito kimyakimya. Wazazi wa Afrika Mashariki wanaujua mchezo huo vizuri.

Nairobi kazi hiyo ilipata jina la Manji. Madatally Manji alianzia kwenye mikate akafika kwenye biskuti, na mwaka 1995 alitoa kumbukumbu zake akijiita kabaila wa biskuti: Memoirs of a Biscuit Baron. Pakiti za House of Manji ziliingia kwenye mikoba ya wanafunzi wa vizazi kadhaa. Pwani, lakini, biskuti ya kiwandani ilikuta wenyeji wake: vileja vya unga wa mchele, samli na iliki, nankhatai, visheti vya sikukuu. Kwa sukari na mafuta vileja havina cha kujivunia mbele ya pakiti yoyote. Ila samli huchacha. Kileja cha Idi huliwa ndani ya siku chache, tena kwa kugawana na majirani, na mwenye kukipika anajua kila alichotia. Kiwanda hakiwezi kuishi hivyo. Kinahitaji mafuta yatakayokaa miezi bila kutoa harufu, yasiyoyeyuka kwenye joto la duka la mabati, na yaliyo rahisi.

Mafuta hayo yalitoka maabara. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa kuyapitishia hewa ya haidrojeni. Mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Crisco, mafuta meupe yaliyotokana na mbegu za pamba. Kwa waokaji ilikuwa neema: mafuta hayachachi upesi, biskuti inavunjika vizuri mdomoni, na bei yake iko chini ya siagi. Tatizo ni kwamba mafuta yakigandishwa nusu, sehemu yake hugeuka kuwa mafuta ya transi, ambayo kwa asili hupatikana kwa kiasi kidogo tu kwenye maziwa na nyama. Karibu miaka 80 ilipita kabla ya ushahidi wa kushtua kutolewa. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Mensink na Katan, walionyesha kwamba mafuta hayo yanapandisha lehemu mbaya kwenye damu na wakati huohuo yanashusha ile nzuri.

Hakuna biskuti inayoisimulia hadithi hii vizuri kuliko Oreo. Ilizaliwa New York mwaka 1912, katika kiwanda cha National Biscuit Company, kampuni iliyokuwa imeshazizoesha nyumba za Wamarekani kununua biskuti ndani ya boksi lenye karatasi ya nta badala ya kuchotewa kutoka kwenye pipa la dukani. Kwa miongo mingi krimu yake ilikuwa na mafuta ya nguruwe. Wayahudi wenye kushika dini hawakuigusa, wala Waislamu. Katika miaka ya 1990 mafuta ya nguruwe yaliondolewa, na Desemba 1997 Oreo ikapata kibali cha marabi baada ya matanuri kusafishwa kwa kufuata sharia zao. Yaliyochukua nafasi yalikuwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa nusu. Kwa hiyo biskuti iliyotakasika kidini ilikuwa imebeba transi, na pakiti haikulazimika kusema.

Ilichukua mahakama kulisema. Mwaka 2003 mwanasheria mmoja wa California aliishtaki Kraft, iliyokuwa mmiliki wa Oreo wakati huo, akitaka isiuzwe kwa watoto wa jimbo hilo. Magazeti yalivuma kwa siku chache tu, kampuni ikatangaza kwamba inatafuta njia ya kuyapunguza, naye akaiondoa kesi. Mwaka huohuo Denmark iliweka kikomo cha asilimia 2 ya transi kwenye mafuta ya chakula, nchi ya kwanza kufanya hivyo, na Marekani ikaamuru kiasi chake kiandikwe kwenye pakiti kuanzia Januari 2006. Kiwanda kilichokuwa kimekaa na mafuta hayo miaka yote ghafla kikapata mbadala. Aibu ya kuandika ilitangulia marufuku, ambayo Marekani ilianza kuitekeleza mwaka 2018.

Lebo yenyewe ni changa. Kipimo kilikuwepo zamani: mwishoni mwa karne ya 19 Wilbur Atwater wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, aliwafungia watu ndani ya chumba cha kupimia joto la mwili na kupata hesabu ambayo viwanda vinaitumia mpaka leo, kalori 4 kwa gramu ya wanga au protini, 9 kwa gramu ya mafuta. Lakini Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha lebo ya lishe mwaka 1990 tu, na jedwali lile jeusi na jeupe likaanza kuonekana mwaka 1994. Umoja wa Ulaya ulilazimisha la kwake Desemba 2016. Mtu anaweza kujaribu hesabu ya Atwater kwenye Oreo za Marekani: biskuti tatu, gramu 34, zina mafuta gramu 7 na wanga gramu 25, huku protini haifiki gramu 1. Mafuta yanatoa 63, wanga 100, na lebo inaandika 160. Gramu 14 kati ya zile 25 za wanga ni sukari, vijiko vya chai vitatu na nusu. Na ni nani anayekula tatu?

Sheria ya lebo ilipopita, viwanda viliisoma kwa makini kuliko wateja. National Biscuit Company, sasa ikiitwa Nabisco, ilitoa SnackWell's mwaka 1992, keki ndogo za chokoleti zisizo na mafuta, nazo zikagombaniwa madukani hadi zikaadimika. Mafuta yalitoka, sukari ikabaki kushikilia ladha, na kalori hazikupungua kwa kiasi ambacho wateja walidhani. Watu walikula boksi zima kwa roho safi. Chile iliona kwamba jedwali la nyuma ya pakiti halitoshi: tangu Juni 2016 chakula kilichozidi kiwango cha sukari, chumvi, kalori au mafuta yaliyoshiba hubandikwa mbele alama nyeusi ya pembe nane, na hakiruhusiwi kutangazwa kwa watoto wala kuuzwa shuleni.

Mafuta ya transi yalipoanza kukimbiwa, mahali pake pengi pamechukuliwa na mawese. Yanaganda yenyewe kwenye joto la chumba bila haidrojeni, kwa kuwa karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, jambo ambalo wataalamu wa moyo nao hawalifurahii. Kwa viwanda vya Afrika Mashariki hayakuwa mageni. Shehena kutoka Malaysia na Indonesia zinashushwa Mombasa na Dar es Salaam miaka nenda miaka rudi, na kisiwa cha Bugala huko Kalangala, Uganda, kina mashamba yake makubwa. Kigoma michikichi imekuwepo vizazi na vizazi, na tangu mwaka 2018 serikali ya Tanzania imekuwa ikihimiza upanuzi wake.

Lakini mawese ya Kigoma, yale mekundu yanayouzwa kwa chupa sokoni, hayaingii kwenye biskuti yalivyo. Wekundu ule ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiwandani mafuta huchujwa, hupaushwa na kuondolewa harufu kwa joto kali, mpaka yawe meupe, yasiyo na ladha, ya kukaa ghalani bila kuleta kesi. Karotini huishia humo. Kisha, kwa kanuni za kurutubisha chakula zilizotoka Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka uliofuata, mafuta ya kupikia ya viwandani yanatakiwa kuongezwa vitamini A kabla ya kufika dukani.